Yakobo na Ujira Uliobadilishwa Mara Kumi

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Masomo: Mwanzo 29:15–30, 30:25–36, 31:1–13, 36–49, Mhubiri 4:6–12
Lengo: Kuelewa ni nini kinampa mtu raha katika kazi yake, hasa ndugu zetu wanaojitafutia riziki kwa kazi za mtandaoni, na kuona wajibu wa kanisa kwao.

UTANGULIZI



Majuma kadhaa yaliyopita, wakati wa maombi, mama mmoja alikuja mbele akimshika mkono kijana wake. Akasema, "Pasta, huyu amemaliza chuo miaka mitatu sasa. Amekaa tu nyumbani na kompyuta. Muombee apate kazi." Tukaweka mikono, tukaomba kwa nguvu. Kanisa lote likasema amina.

Baada ya ibada kijana alinisubiri karibu na mlango. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya kulia. Alikuwa hajalala. Usiku wote alikuwa akisikiliza sauti zilizorekodiwa za mkutano wa kampuni fulani ya Marekani na kuziandika neno kwa neno. Hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba wanayoishi yeye na mama yake, na karo ya dada yake. Akaniambia, "Pasta, kazi ninayo. Mimi naomba uniombee niipende tena."

Nakiri sikuwa na jibu la haraka. Tumezoea kuombea watu wapate kazi. Kumuombea mtu aipende ile aliyo nayo hatujazoea. Nilienda nyumbani nikafungua Biblia, na nikajikuta kwa Yakobo, kwenye zizi la kondoo la mjomba wake Labani.

HAWA NDUGU NI AKINA NANI?

Wako katikati yetu kila Jumapili. Kuna anayeandika sauti, kuna anayechora mabango na nembo, kuna anayetengeneza tovuti, anayetafsiri, anayejibu barua pepe za ofisi ambayo hajawahi kuiona. Kuna wale wanaokaa siku nzima wakiweka alama kwenye picha ili mashine ya akili bandia ijifunze kutofautisha mtu na mti.

Kazi hii haikushuka tu kutoka mbinguni. Mwaka wa 2007 M-PESA ilianza, na kupokea pesa kukawa rahisi. Mwaka wa 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa, na mtandao ukapata kasi. Mwaka wa 2016 serikali ikaanzisha mpango wa Ajira Digital kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni. Kwa hivyo, mzazi, ukisema mtoto wako "anacheza na kompyuta," jua kwamba hata serikali inaitambua kuwa ni kazi.

Je, wana raha katika kazi hiyo? Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wafanyakazi wa aina hii katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Walikuta mambo mawili yanayovutana. Upande mmoja watu wanafurahia uhuru na kazi zenye kufikirisha, maana hakuna bosi anayesimama mgongoni. Upande wa pili kuna malipo madogo, upweke, saa za ajabu, kukosa usingizi na kuchoka kabisa. Ni uhuru ule ule unaomfanya mtu kukesha.

Yakobo angewaelewa watu hawa vizuri sana.

1. JOTO LA MCHANA, BARIDI YA USIKU

Soma Mwanzo 31:38–41. Yakobo amechoka, na sasa anamwambia Labani yaliyo moyoni. Amemtumikia miaka 20. Mnyama akiraruliwa, hasara ni yake Yakobo. Mchana jua linamla, usiku baridi inamla, na usingizi umemkimbia. Juu ya hayo yote, ujira wake umebadilishwa mara kumi.

Wapendwa, hiyo ndiyo hali ya ndugu yetu wa mtandaoni. Saa tatu asubuhi ya New York, huku kwetu ni saa kumi au saa kumi na moja jioni, kulingana na majira yao. Saa tatu asubuhi ya California ni saa moja au saa mbili usiku wetu. Mteja wa California akimaliza siku yake ya kazi, huku jogoo anakaribia kuwika. Mtu huyo akisinzia ibadani, usiharakishe kusema ana pepo la usingizi.

Na hasara ni yake. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu na intaneti ikawa ya kubembeleza. Aliyeajiriwa ofisini alipata mshahara wake mwisho wa mwezi. Aliye na mteja ng'ambo alipoteza kazi, na pengine nyota zake zikashuka, na nyota zikishuka kazi inayofuata haiji.

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuseme mtu anaahidiwa dola 30 kwa saa moja ya sauti. Inasikika vizuri, sivyo? Lakini saa moja ya sauti humchukua mwandishi karibu saa tano kuiandika vizuri. Jukwaa likikata asilimia 10, anabaki na dola 27. Gawanya kwa saa tano: ni dola 5 na senti 40 kwa saa. Kisha ongeza saa tatu alizotumia kuitafuta hiyo kazi na kuandika maombi ambayo hayakujibiwa. Sasa ni saa nane, na ujira umeshuka chini ya dola tatu na nusu kwa saa. Bado bando. Bado stima. Kesho jukwaa likiamua kukata zaidi, halimuulizi mtu.

Sisemi haya ili kumkatisha mtu tamaa. Mtu hawezi kupata raha katika kazi ambayo hajui inamlipa nini. Yakobo alijua hesabu yake. Aliweza kumwambia Labani: miaka 14 kwa binti zako, miaka sita kwa mifugo yako. Wewe unayesoma, unaijua yako?

2. KWA NINI MIAKA SABA ILIPITA KAMA SIKU CHACHE?

Rudi nyuma, Mwanzo 29:20. Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, na kwa vile alivyompenda, miaka hiyo ikaonekana kama siku chache tu. Angalia vizuri. Kondoo ni wale wale wa baadaye. Jua ni lile lile, na bosi ni yule yule mjanja. Kilichokuwa tofauti ni sababu iliyomfanya aamke.

Ndiyo maana wawili wanaweza kufanya kazi moja, kwa malipo yale yale, mmoja akalala na amani na mwingine akalala na uchungu. Anayejua kila ukurasa ni siku moja ya shule kwa dada yake ana kitu cha kumsimamisha saa nane ya usiku. Mhubiri 4:8 inamtaja mtu aliye peke yake, anafanya kazi bila mwisho, macho yake hayashibi mali, wala hajiulizi anajitaabisha kwa ajili ya nani. Swali hilo mtu asipojiuliza, hata dola zikiongezeka, moyo haushibi.

Lakini hapa tuwe waangalifu, kwa sababu wahubiri wengi tunaishia hapo, tunasema "fanya kwa upendo," tunafunga. Endelea kusoma! Labani aliuona huo upendo. Alipojua Yakobo atafanya lolote kwa ajili ya Raheli, alimpa Lea gizani, kisha akamdai miaka saba mingine. Mtu anayeipenda kazi yake ndiye rahisi zaidi kudhulumiwa. "Wewe si unapenda kuchora? Nichoree tu." "Wewe si una kipaji? Hii itakutangaza." Upendo wa kazi ni zawadi ya Mungu kwako, na Labani hana ruhusa ya kuufanya punguzo la bei.

Kumbuka Mwanzo 30:30. Baada ya kumtajirisha mjomba wake, Yakobo aliuliza swali halali kabisa: nami nyumba yangu nitaitunza lini? Hakuna uasi katika swali hilo, na mtu wa Mungu ana haki ya kuuliza bei.

3. UHURU BILA NDUGU

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wameandika kwa miaka mingi kwamba mtu anahitaji mambo matatu ili moyo wake ustawi katika analolifanya: awe na uhuru wa kuamua, aone kwamba anaweza na ujuzi wake unakua, na awe na watu anaohusiana nao. Kazi ya mtandaoni mara nyingi inatoa la kwanza. La pili pia linawezekana. La tatu ndilo linalokosekana.

Ofisini hata ukigombana na mwenzako, angalau mmegombana na mtu. Huku mtu anaweza kufanya kazi miezi sita na mteja ambaye hajawahi kuona uso wake wala kusikia sauti yake. Akifanya vizuri, anapata nyota tano. Akikosea, akaunti inafungwa na barua inayokuja haina jina la mtu. Machi 2024 jukwaa moja kubwa la kazi za kufundisha mashine lilifunga milango yake kwa Wakenya, na watu wakajikuta nje bila pa kubisha hodi.

Ona sasa alichofanya Yakobo katika Mwanzo 31:37. Alisema kesi yake iwekwe mbele ya ndugu, wake na wa Labani, waamue kati ya hao wawili. Alikuwa na mashahidi! Kisha wakakusanya mawe, wakala pamoja juu ya chungu ile, wakaiita Galedi na Mispa, na pale pakawa mpaka: wewe usivuke kuja kwangu kwa ubaya, nami nisivuke kuja kwako.

Ndugu wa mtandaoni, mawe yako ya mpaka yako wapi? Saa ya kufunga kompyuta ni saa ngapi? Siku yako ya pumziko ni ipi? Mhubiri 4:6 inasema konzi moja pamoja na utulivu ni bora kuliko konzi mbili pamoja na taabu. Na mashahidi wako ni nani? Mteja akikataa kulipa, nani atajua kwamba ulifanya kazi? Mistari michache mbele, Mhubiri anatuambia wawili ni afadhali kuliko mmoja, kwa kuwa mmoja akianguka yuko wa kumwinua. Aliyeanguka peke yake chumbani, mlango umefungwa, nani atajua?

4. JINA LAKO NI NANI?

Hapa nitasema jambo gumu kwa upendo. Kuna kazi ambayo haiwezi kukupa raha hata ikilipwa vizuri, kwa sababu huwezi kuionyesha mtu.

Wako vijana wetu wanaoandika insha za wanafunzi wa ng'ambo, mwanafunzi anaiwasilisha kama yake na kupata digrii. Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 2022 kupiga marufuku biashara hiyo katika vyuo vyake. Wako pia wanaofanya kazi kwa akaunti za kukodi au kununua, zenye jina na picha ya mtu mwingine. Najua sababu. Najua njaa haina subira, na najua akaunti yako mwenyewe ilikataliwa mara tatu. Sikupigi jiwe.

Lakini nakukumbusha Yakobo katika Mwanzo 27. Baba yake kipofu alimuuliza, wewe ni nani? Akajibu kwamba yeye ni Esau. Alitumia akaunti ya ndugu yake! Baraka aliipata, kweli. Lakini amani iliondoka, akakimbia, na akaenda kukutana na Labani, mtu aliyemlipa kwa ujanja wa kipimo kile kile. Miaka 20 baadaye, penye kivuko cha Yaboki, aliulizwa tena jina lake. Safari hii alisema, Yakobo. Akabarikiwa kwa jina lake mwenyewe, akipata na jipya juu yake.

Ujuzi wako unataka kutajwa kwa jina lako. Uandishi ulioandikia wengine insha unaweza kuandika vitabu vya mafunzo, matangazo, habari na barua za kampuni. Njia ya kutoka ni polepole, na tangu programu za akili bandia zienee, hata ile biashara ya insha imepungua. Anza kutoka. Na ukitaka wa kutembea nawe, sema.

5. NA SISI KANISA, JE, TUMEKUWA LABANI?

Nilipofika hapa katika kuandaa somo, kalamu ilisimama. Bango la kongamano letu la mwaka jana lilichorwa na kijana wetu, usiku mzima, bure. Hatukumuuliza bei. Tulimwambia ni kwa ajili ya Bwana. Kisha tukamrudishia mara nne abadilishe rangi. Fundi aliyechomelea mlango wa kanisa tulimlipa. Mwenye hema tulimlipa. Mwenye viti tulimlipa hata kabla ya ibada kuanza. Kwa nini yule wa kompyuta peke yake ndiye wa bure?

Na kila Jumatano kukiwa na kazi ya kupanga jengo, tunasema, "Muite fulani, yeye hana kazi." Yuko nyumbani, kweli. Lakini yuko kazini.

Mambo ya Walawi 19:13 yanakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Halikutenga kibarua wa shamba na kibarua wa mtandao. Baraza la wazee limekubaliana kwamba kuanzia mwezi huu, kazi ya picha, mabango na kupeperusha ibada itakuwa na bei iliyosemwa mapema. Mtu akitaka kuitoa kama sadaka, atoe kwa moyo wake. Lakini sadaka hutolewa na mwenyewe. Tukiichukua sisi, tumekuwa Labani.

HATUA ZA WIKI HII

Kwa mfanyakazi wa mtandaoni:
• Andika saa zako zote kwa siku saba, pamoja na zile za kutafuta kazi. Gawanya pesa kwa saa. Jua ukweli.
• Chagua saa ya kufunga na siku ya kupumzika. Waambie watu wa nyumbani, wakusimamie.
• Wewe ndiwe mwajiri wako, kwa hivyo jilipie yale ambayo mwajiri angekulipia. Jiandikishe na SHA, ambapo mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. NSSF ina mpango wa Haba Haba ambapo unaweza kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Ingia kwa chama au sako.
• Mwezi wa pesa nyingi, usijipandishie maisha. Tenga ya Mungu, tenga ya mwezi mkavu, kisha utumie.
• Tafuta wenzako wawili wa kazi kama yako hapa kanisani. Mkutane ana kwa ana, si kwa simu.

Kwa mzazi au mwenzi:
• Wiki hii, mwambie akuonyeshe anachofanya. Keti karibu naye nusu saa. Usiseme kitu. Uliza tu.

Kwa kiongozi wa kikundi:
• Ukitaja wanaohitaji kuombewa kazi, kwanza uliza nani anayo tayari na amechoka nayo.

HITIMISHO

Mtataka kujua yule kijana alifikia wapi. Mama yake alikubali kuketi naye usiku mmoja. Alivaa zile spika za masikioni, akasikiliza Wamarekani wakibishana kuhusu bei ya mabomba, akamuangalia mwanawe akirudisha sauti nyuma mara sita ili apate neno moja. Akavua, akaenda jikoni, akarudi na chai. Tangu siku hiyo hajasema tena kwamba kijana hana kazi.

Hakupata malipo zaidi. Aliacha mteja mmoja aliyekuwa akimlipa kwa kuchelewa na kumuamsha usiku wa Jumamosi, na mwezi uliopita alipata pungufu. Aliniambia mwenyewe, na alikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu karo ya muhula ujao. Tunaendelea kuomba pamoja naye. Lakini Jumapili analala usiku, anakuja asubuhi, na kwenye maombi alisema jambo moja tu: "Angalau sasa kuna mtu anajua ninachofanya."

Yakobo naye, katika Mwanzo 31:42, alisimama juu ya hilo. Labani hakuiona taabu yake, lakini Mungu aliiona, pamoja na kazi ya mikono yake. Mungu anaona chumba kile chenye taa moja. Anataka na sisi tuone.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nini kilifanya miaka saba ya kwanza ya Yakobo iwe myepesi? Katika kazi yako, unaamka kwa ajili ya nani?
2. Labani aliutumia upendo wa Yakobo vipi? Toa mfano wa siku hizi bila kutaja jina la mtu.
3. Ni mpaka gani unahitaji kuweka mawe wiki hii? Nani atakuwa shahidi wako?
4. Kuna kazi unayoifanya ambayo usingependa ijulikane ni yako? Hatua ya kwanza ya kutoka ni ipi?
5. Kikundi chetu kimewahi kuchukua kazi ya mtu bila kumlipa? Tufanye nini kurekebisha?

OMBI

Baba, tunawaleta mbele zako wote wanaofanya kazi wakati sisi tumelala. Wape ujira wa haki, usingizi, na ndugu wa karibu. Aliyejificha nyuma ya jina la mwingine, mpe ujasiri wa kusema lake. Nasi kama kanisa tusamehe pale tulipokula jasho la mtu na kuliita huduma. Katika jina la Yesu. Amina.